Faili Linalojua Umri Wake

Fungua kifurushi cha msimbo cha karibu programu yoyote kongwe ya GNU. Katika folda ya mwanzo, au katika ile iitwayo build-aux, utakuta mafaili mawili yaliyokaa pamoja: config.guess na config.sub. Mwenye programu hakuyaandika, na mara nyingi hata hajayasoma. Yaliletwa na chombo kingine siku alipotayarisha toleo lake la kwanza, na tangu hapo yanasafiri na programu hiyo popote iendapo. Kazi yake ni kujibu swali ambalo ungedhani halihitaji faili zima: kompyuta hii ni ya aina gani?

Mafaili ya namna hii hayapati wasomaji. Watu husifu algoriti, husifu lugha mpya za programu, husifu kasi. Mimi nimeyasoma haya mawili kwa miaka, mstari kwa mstari, na naamini kwamba humo mna ufundi wa hali ya juu kuliko ulio katika programu nyingi zinazoyabeba. Ni ufundi wa kuandika kitu kitakachonakiliwa na maelfu ya watu usiowajua, kisha nakala hizo zisirudi kwako tena. Ni kama mbegu uliyowagawia majirani: ukishaitoa huna tena mamlaka nayo, na watakachovuna kinategemea ulivyoichagua kabla haijatoka mkononi.

Mwaka 1991 David MacKenzie alikuwa anatunza programu nyingi za GNU kwa niaba ya Free Software Foundation. Kila programu ilipofikishwa kwenye aina nyingine ya Unix, machaguo ambayo mtumiaji alipaswa kuyapanga kwa mkono ndani ya Makefile yaliongezeka, mpaka yakafika kama 20. Mtumiaji alitakiwa ajue kama mfumo wake una kitendakazi hiki au hauna, kama maktaba fulani iko mahali hapa au pale. Wengi hawakujua, na hapakuwa na sababu ya kuwadai wajue. MacKenzie akaanza kuandika skripti zinazoiuliza kompyuta yenyewe. Hiyo ndiyo asili ya Autoconf, na ya ile amri ya configure ambayo kila aliyewahi kujenga programu kutoka kwenye msimbo wake anaikumbuka.

Miaka hiyohiyo kampuni ya Cygnus, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1989 ili kuuza huduma juu ya programu huria, ilikuwa inapambana na tatizo la jirani. Biashara yake kubwa ilikuwa kompaila, na mtu anayejenga kompaila ana mashine tatu za kufikiria: ile anayoitumia kujengea, ile ambako kompaila itaendeshwa, na ile ambayo kompaila itaitengenezea programu. Tatu hizo zinaweza kuwa tofauti kabisa. Kazi ya namna hiyo haipangiki bila majina ambayo kila chombo kinayaelewa kwa namna moja. Per Bothner, aliyekuwa mfanyakazi wa Cygnus, ndiye aliyeandika config.guess ya mwanzo, na hakimiliki iliyoandikwa juu ya faili inaanzia mwaka 1992.

Jina linalotolewa lina sehemu tatu: kichakataji, mtengenezaji, mfumo endeshi. Jina sparc-sun-solaris2.10 ni la mashine ya Sun yenye kichakataji cha SPARC. Jina x86_64-pc-linux-gnu ni la kompyuta ya kawaida yenye Linux, na hapo sehemu ya mwisho imegawanywa ili kerneli itajwe pamoja na maktaba zilizo juu yake. Faili la config.guess hulitafuta jina bila kumsumbua mtu. Faili la config.sub hulipokea jina kutoka kwa mtu, pengine limefupishwa, pengine limeandikwa kwa mazoea ya kampuni fulani, na kulirudisha katika umbo moja linalokubalika. Moja linakisia, jingine linasawazisha, na mgawanyo huo haujaguswa kwa zaidi ya miaka 30.

Sasa tazama config.guess linavyokisia. Linaanza na njia iliyo wazi: amri ya uname huulizwa mambo manne, yaani aina ya mashine, namba ya toleo, jina la mfumo na maelezo ya ziada. Majibu huunganishwa na kupitishwa katika orodha ndefu ya mifano, mmoja baada ya mwingine, mpaka mmoja ulingane. Kama uname ingekuwa inasema ukweli wote, faili lingeishia hapo na lingekuwa fupi. Lina mistari zaidi ya 1,500, kwa sababu mifumo mingi hujibu nusu.

Solaris kwenye kompyuta za Intel husema i86pc, iwe inaendesha programu za biti 32 au za biti 64. Kwa hiyo skripti hutafuta kompaila iliyopo na kuiuliza yenyewe hutengeneza msimbo wa aina gani, maana hilo ndilo litakaloamua programu itakayotoka. Kwenye HP-UX za zamani namba ya modeli haikutosha kukitambulisha kichakataji chake, basi skripti, ikishindwa kwa njia nyingine, huandika programu ndogo ya C, huikompaili, huiendesha na kusoma jibu. Kwenye Linux uname haisemi ni maktaba gani ya C inayotumika, jambo ambalo linabadilisha kila kitu kwa mjenzi. Hapo skripti huandika mistari michache na kuipitisha kwenye hatua ya awali ya kompaila ili ione ni maktaba ipi imejitambulisha. Ile iitwayo musl, kwa uamuzi wa makusudi wa wanaoiandika, haijitambulishi kwa alama yoyote. Skripti haikati tamaa: huangalia alama ya ndani ambayo musl huiacha inapofafanua aina moja ya data, na ikibidi huiuliza amri ya ldd.

Ninaporudi kwenye sehemu hiyo huwa nasimama kidogo. Mtu alikaa akachunguza maktaba isiyotaka kutambulika, akapata alama ndogo inayoaminika, akaiandika kwa mistari michache pamoja na maelezo kwamba hii ni njia ya kwanza ya kukisia, siyo uthibitisho. Hakulaumu maktaba wala hakumlazimisha mtumiaji ajaze chaguo. Mzigo umebaki kwa anayeandika faili.

Kuna jambo jingine ambalo msomaji wa haraka atalidharau: lugha yenyewe ya skripti. Imeandikwa kwa sheli ya Unix ya zamani, ile ya Bourne, bila kutegemea yaliyokuja na sheli za baadaye. Leo kila anayejifunza kuandika skripti huambiwa kwamba kuchukua jibu la amri kwa alama ndogo zilizoinama ni mtindo wa kizamani, na kwamba mabano yenye alama ya dola mbele yake ni bora. Ushauri huo ni sahihi kwa karibu kila skripti. Hata hapa mabadiliko hayo yaliwahi kufanywa: nakala za mwanzo wa 2021 zina mabano, na ile ya Januari 2022 imerudi kwenye alama za zamani. Juu ya faili sasa pameandikwa sababu. Skripti hii inatambua mifumo iliyotangulia kanuni za POSIX, ambayo haina sheli nyingine, na hata Solaris 10, mfumo ambao bado si wa makumbusho, una sheli ya zamani katika /bin/sh. Vyombo vya kukagua skripti vimeambiwa, kwa mstari mmoja wa maelezo, vinyamaze juu ya jambo hilo.

Uamuzi wa kurudi nyuma ndio unaonionyesha ukomavu wa watunzaji. Skripti hii huendeshwa kabla ya kitu chochote kujulikana kuhusu mashine. Haiwezi kudai sheli mpya, kwa sababu kazi yake ni kutambua hata mahali ambapo sheli mpya haipo. Kila uzuri ambao mwandishi angejiongezea kwa ajili ya macho yake ungemfungia mlango mtu fulani mwenye mashine ya pekee katika maabara fulani. Wakaandika msimbo unaoonekana umepitwa na wakati, wakaeleza kwa nini, wakaendelea na kazi.

Katika orodha hiyo ya mifano bado mna VAX yenye Ultrix, mna mashine za Cray, mna BeOS na Haiku iliyoirithi, mna hata TOPS-20 na TENEX za PDP-10, ukoo wa kompyuta ambao kampuni ya DEC iliachana na kuuendeleza mwaka 1983, miaka tisa kabla faili hili halijazaliwa. Wapo wanaoona huo ni uchafu unaopaswa kufagiliwa. Siafikiani nao. Mfano mmoja wa PDP-10 huchukua mistari mitatu hivi, hauchelewishi chochote, na wapo watu wanaoendesha mifumo hiyo leo kwa viigizi kwa sababu wanaipenda. Kuufuta kungempa mtunzaji mistari michache pungufu na kumwondolea mtu mwingine njia nzima.

Nakuja sasa kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote, nayo iko mwishoni kabisa, mahali ambapo skripti imepita orodha nzima na haikupata jibu. Skripti nyingi hapo hutoa neno moja la kosa na kufa. Hii huandika ujumbe kamili. Hutaja tarehe ya toleo lake. Humwambia mtumiaji kwamba kama nakala hii ni ya zamani, abadilishe nakala zote za config.guess na config.sub, si moja tu, na humpa anwani ambako nakala mpya zote mbili zinapatikana. Kisha hufanya hesabu: hutoa mwaka wa toleo lake katika mwaka wa leo. Tofauti ikiwa chini ya miaka mitatu, humwomba mtumiaji atume taarifa za mashine yake kwa watunzaji, na kumchapia palepale majibu yote ya uname na amri nyingine ambayo watunzaji watayahitaji. Tofauti ikiwa mitatu au zaidi, hunyamaza juu ya hilo. Haiombi chochote.

Fikiria maana ya hesabu hiyo. Nakala ya faili hili inaweza kulala miaka mingi ndani ya kifurushi fulani. Mtu akikijenga baadaye kwenye mashine mpya, nakala itashindwa, na bila hesabu hiyo ingempeleka kwa watunzaji na malalamiko juu ya jambo walilolitatua zamani. Faili linajua kwamba lenyewe linaweza kuwa limezeeka, na likiwa limezeeka halina haki ya kuchukua muda wa watu. Mwandishi aliwaza juu ya nakala yake ikiwa mbali, peke yake, miaka mingi baadaye, mikononi mwa mtu asiyejua ilikotoka, na akaipa adabu ya kutosha kwa siku hiyo.

Siku za nakala kuachwa nyuma zimekwisha kufika kwa wingi. Oktoba 2011 kampuni ya ARM ilitangaza muundo wake wa biti 64, ule ambao leo uko ndani ya simu nyingi, pengine pamoja na iliyo mfukoni mwako. Jina lake, aarch64, likaingizwa katika mafaili haya mawili. Lakini vifurushi vyote vilivyotolewa kabla ya hapo vilikuwa na nakala zisizolijua. Waliokuwa wanajenga Debian na Fedora kwa ajili ya mashine hizo mpya walikutana na kosa lilelile katika kifurushi baada ya kifurushi: configure imeshindwa kukisia aina ya mashine, taja mwenyewe. Msimbo wa programu zenyewe haukuwa na tatizo. Wengi wa waandishi wake walikuwa wameuandika vizuri kiasi kwamba ungefanya kazi kwenye kichakataji kisichokuwepo walipokuwa wanaandika. Mlango tu ndio uliokuwa umefungwa. Yaliyotokea kwa ARM yalitokea tena kwa PowerPC ya mpangilio mpya wa baiti, kwa RISC-V, kwa kompyuta za Apple zilizobadili kichakataji Novemba 2020, na kwa LoongArch ya China tangu 2021.

Wasambazaji wa Linux walijifunza haraka kwamba kumwandikia kila mwenye programu na kumwomba abadilishe nakala yake hakutafika mwisho. Wenye programu wengine wamekufa, wengine wameacha, wengine hawajatoa toleo jipya kwa miaka 15. Debian ikaweka nakala mpya katika kifurushi cha autotools-dev, na baadaye vyombo vyake vya kujenga vikaanza kufanya jambo hilo vyenyewe: kabla ya ujenzi huondoa nakala zilizokuja na programu, huweka mpya, na kazi ikiisha hurudisha za awali mahali pake. Fedora hufanya hivyo ndani ya hatua ya configure. Gentoo ina kifurushi chake, gnuconfig.

Ni rahisi kuyatazama haya kama ushindi wa wasambazaji. Mimi naona yanawasifu zaidi walioandika. Haiwezekani kunyofoa faili la 1998 kutoka katika programu ya mtu, kupachika la 2022, na kutumaini kila kitu kitaendelea, isipokuwa kama watu fulani walikataa kwa miaka yote hiyo kubadilisha namna faili linavyoitwa na namna linavyojibu. Linaitwa bila hoja yoyote. Linatoa mstari mmoja. Halina sehemu ya kujazwa na mwenye programu, kwa hiyo hakuna cha kupotea linapobadilishwa. Hata leseni imepangwa kwa nia hiyo: faili liko chini ya GPL, lakini lina ruhusa ya pekee kwamba likisambazwa ndani ya programu yenye skripti ya configure iliyotengenezwa na Autoconf, linaweza kufuata masharti ya programu hiyo. Mwenye leseni nyingine hana sababu ya kuliogopa.

Kanuni hiyo ya kutokuwa na sehemu ya kujazwa na mwenye programu haiwezekani kila mahali. Kuna usanidi ambao lazima utofautiane kati ya mradi na mradi, na hapo ufundi unakuwa mwingine. Mradi wa Gnulib, ambao huhifadhi msimbo na usanidi unaotumiwa kwa pamoja na coreutils, grep, tar, gettext na wenzao, una faili liitwalo maint.mk. Ndani yake mna sheria nyingi za ukaguzi wa kabla ya toleo: nafasi tupu mwishoni mwa mstari, vitendakazi vilivyopigwa marufuku, hata neno lililoandikwa mara mbili mfululizo kwa bahati mbaya. Kila mradi unaolitumia hunakili maint.mk na hautarajiwi kuligusa. Kila lililo lake huliandika katika faili la pili, cfg.mk: sheria gani isitumike hapa, mafaili gani yasamehewe na sheria ipi, kwa majina yake. Ukitaka kujua mradi fulani una tabia gani tofauti na ndugu zake, soma cfg.mk yake. Faili la pamoja linabaki safi na linabadilishwa wakati wowote. Yale ya nyumbani yamekusanywa mahali pamoja, yameandikwa waziwazi, na mgeni anayaona kwa dakika chache.

Apache Commons, maktaba za Java zilizo ndugu, walikwenda njia isiyo na nakala kabisa. Kila maktaba katika pom.xml yake hutaja mzazi, commons-parent, pamoja na namba ya toleo la mzazi huyo, na mzazi naye anarithi kutoka kwa mzazi wa Apache nzima. Ni nadhifu. Gharama yake ni kwamba kila mtoto lazima ainue namba mwenyewe ndipo apate mapya, na mzazi lazima apatikane siku ya kujenga, kwa kawaida kutoka mtandaoni. Sioni kosa katika chaguo hilo, ila moyo wangu uko kwa faili linaloweza kubebwa kwenye diski likafanya kazi mahali pasipo na intaneti.

Kubebwa huko kuna hatari yake, na lazima itajwe kwa uzito unaostahili. Tarehe 29 Machi 2024 Andres Freund, mmoja wa waandishi wa PostgreSQL, alitangaza kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana data, yalikuwa na mlango wa siri. Aliufikia kwa sababu kuingia kwa ssh kulichelewa kwa karibu nusu sekunde naye hakukubali kupita bila kujua sababu. Kilichouamsha mlango huo wakati wa ujenzi kilikuwa faili la usanidi wa pamoja: build-to-host.m4, ambalo asili yake ni Gnulib. Nakala halali ilikuwa na namba ya mfuatano 3. Ile iliyokuwa katika kifurushi cha xz ilikuwa imeongezwa mistari michache na kupewa namba 30. Namba hizo ndizo vyombo vya Autoconf na Automake hutumia kujua nakala ipi ni mpya zaidi, na yenye namba kubwa ndiyo huheshimiwa. Tena faili hilo halikuwepo katika hazina ya msimbo iliyo wazi kwa wote, lilikuwa ndani ya vifurushi vya kutolewa tu. Na msimbo uliofichwa, kabla ya kufanya lolote, ulisoma jina la mashine, lilelile linalotokana na config.guess, na kuangalia kama linaanza na x86_64 na kuishia na linux-gnu.

Inaniuma kwamba aliyefanya hivyo aliuelewa ufundi huu vizuri sana. Alijua kwamba faili la namna hii huaminiwa kwa sababu limeonekana mahali pengi, kwamba hakuna anayelisoma, kwamba mistari michache ya ziada ndani ya lugha ya m4 isingesomwa hata na anayefungua. Jibu la wasambazaji wengi limekuwa lilelile walilokwisha kuzoea kwa config.guess: usiamini nakala iliyokuja na kifurushi, leta yako kutoka chanzo, zalisha upya yote yanayozalishika. Naliunga mkono. Lakini kuzalisha upya kunahamisha imani tu, kutoka maelfu ya vifurushi hadi hazina chache, na hazina hizo zina watu wanaohesabika kwa vidole. Juu ya config.guess pameandikwa kwamba tangu mwaka 2000 limetunzwa na Ben Elliston. Kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa anapokea viraka kutoka kwa watu wenye mashine ambazo huenda hakuwahi kuziona, akiamua jina liweje, akikataa majina ambayo yangewachanganya watu baadaye.

Kazi ya kupokea kiraka kimoja ni ndogo na ina utaratibu. Anayeleta hutaja uname inajibu nini kwenye mashine yake na jina analopendekeza. Mstari mmoja au miwili huongezwa katika orodha. Mstari mwingine huongezwa katika data za majaribio, zenye majibu ya uname upande mmoja na jina linalotarajiwa upande wa pili, ili kiraka cha kesho kisiharibu cha leo. Tarehe iliyo juu ya faili hubadilishwa. Uzito wote uko katika kuchagua jina, kwa sababu likishatoka litanakiliwa katika skripti za watu, katika majina ya folda za kompaila, katika mipango ya wasambazaji, na halitafutika. Ndiyo maana Apple wanaita kichakataji chao arm64 na config.guess, kwenye mashine hiyohiyo, hujibu aarch64: jina hilo ndilo lililokwisha kuwa la wote katika ulimwengu wa GNU, na mtunzaji hakuligawanya mara mbili kwa ajili ya kampuni moja, hata kubwa kiasi hicho. Nalo config.sub likaachiwa kazi ya kulielewa la Apple pale mtu atakapoliandika.

Kama unayo kompyuta yenye Linux na umewahi kupakua msimbo wa programu chache, iambie itafute kila faili liitwalo config.guess. Kwenye Debian yenye autotools-dev moja litakuwa katika /usr/share/misc, jingine pengine katika folda ya Automake, na mengine ndani ya vifurushi ulivyovifungua na kuvisahau. Liite kila moja kwa hoja ya --time-stamp na litakutajia tarehe yake; utakuta miaka imetofautiana sana. Kisha liite kila moja bila hoja yoyote, na usome mstari mmoja unaotoka.